Kamba Ilivutwa Mara Tatu

Watu wa kwetu wakitaka kunifariji husema ziwa lilimchukua mdogo wangu. Huwa nanyamaza kwa adabu tu, lakini ndani nawaka. Ziwa halina mikono. Lilikuwa pale kabla hatujafika na liko pale mpaka leo, watoto wa wenyeji wanaoga humo kisha wanarudi nyumbani kula ugali. Mdogo wangu alikufa upande wa Geita, saa tisa alasiri, jua linawaka, ufukwe umejaa watu, na kamba aliyofungwa kiunoni nilikuwa nimeishika mimi, kaka yake wa tumbo moja. Sasa hilo ziwa lilifanya nini?

Polisi niliwaeleza nusu. Wazee wa ukoo nikawaeleza nusu ileile. Mama yetu nikamwambia uongo mtupu, na uongo huo nikakaa nao miaka miwili. Hii ninayoandika ni ile nusu iliyobaki.

Tumezaliwa karibu na Songwa, wilayani Kishapu, nchi ya ng'ombe na vumbi. Kwetu maji ni kitu cha kutafutwa. Tuliyoyajua ni ya lambo, bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo. Unaingia taratibu, tope linakushika miguu, maji yanafika magotini, yanafika kiunoni, na ukienda mpaka katikati yakakugusa kidevu, wenzako wanakuita mwanaume. Humo ndimo mimi na mdogo wangu tulimojifunza kuogelea, kama kule kujirusharusha kunaitwa kuogelea. Ukichoka unasimama. Mpaka nafikisha miaka thelathini na nane, nilichokijua kuhusu kuogelea ni hicho tu, kwamba ukichoka unasimama.

Ukubwani tukawa wachimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Yeye alikuwa mtu wa chini, mimi mtu wa juu. Duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, huwa jembamba, limezuiliwa pembeni kwa matimba, yaani magogo, ili udongo usianguke. Mtu wa chini anashuka amefungwa kamba kiunoni. Mtu wa juu anakaa mdomoni mwa duara ameishika. Chini ni giza, na juu kuna karasha zinasaga mawe kila upande, mtu akikuita pembeni yako humsikii, sembuse aliye futi mia chini ya ardhi. Kwa hiyo inayoongea ni kamba. Ikivutwa mara moja, maana yake legeza. Mara mbili, pandisha kiroba cha mawe. Mara tatu za harakaharaka, nitoe mimi, sasa hivi, usiulize.

Mtu wa juu haangalii chini. Aangalie nini, giza? Anageuka upande, anapiga soga, anakula mihogo, wengine hata wanasinzia, lakini viganja vyake viko kazini. Mimi nilikuwa na sifa hiyo kambini. Walikuwa wanasema mikono yangu ina masikio, na mimi, mjinga, nilikuwa napenda sana kusikia hivyo. Siku moja hewa ilichafuka chini, kamba ikavutwa mara tatu, nikamtoa mdogo wangu amelegea kama kitambaa kilicholowa. Alitapika, akafumbua macho, akasema, "Kaka, umechelewa bwana, nilishaanza kugawa vitu vyangu." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mama aliposikia kisa kile alichinja jogoo, akasema mbele ya majirani kwamba baada ya Mungu, anayemtegemea ni mimi na ile kamba.

Miaka minane tulifanya kazi hivyo.

Safari ya ziwani ilikuja kwa sababu duara letu lilijaa maji. Mvua zilinyesha mfululizo, pampu ikafa, tukawa tunakaa tu kambini tunacheza bao na kugombana. Mwenzetu mmoja, mchekeshaji wa kambi, mtu ambaye hata kwenye msiba lazima aseme neno, akatuambia twende upande wa Geita tukale samaki wabichi ziwani, tupumzishe mapafu. Mdogo wangu aliruka juu. Alikuwa na miaka thelathini na moja na hajawahi kuliona ziwa. Najua wapo watakaoshangaa, maana si mbali, ukitoka asubuhi mchana umefika. Lakini mtu wa Kishapu aende ziwani kufanya nini? Alikuwa amekula sato na dagaa tangu anaota meno, na hajui wametoka kwenye kitu gani. "Nikifika," alisema, "naoga kwa niaba yenu wote mliokulia vumbini."

Kamba niliibeba mimi. Kamba nzuri haiachwi kambini, ukiiacha huikuti.

Tulipoliona ziwa mdogo wangu aliacha kutembea. Alisimama ameshika kiuno, akatazama mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, ng'ambo iko wapi?" Nikamwambia haionekani. Akasema, "Lo! Na sisi tunagombania ndoo." Nilicheka sana. Namkumbuka vile alivyokuwa, shati lake la kijani, kofia ameishika mkononi kana kwamba ameingia kanisani. Ningependa kumwacha pale pale, lakini haiwezekani.

Ufukweni kulikuwa na mama mmoja anakaanga samaki kwenye karai kubwa. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatupima kwa macho mara moja tu.

"Nyie ni wageni."

"Ndiyo, mama. Tumetoka Shinyanga."

"Karibuni. Mkitaka kuoga, nendeni kule wanakofulia kina mama, chini ni mchanga mtupu. Hapa kwenye mawe hata wavuvi hawaogi. Unakanyaga jiwe, unakanyaga jiwe, halafu chini panakatika. Na saa hizi upepo unaanza kuja. Sisi tunaoga asubuhi, maji yakiwa yametulia."

Kila kitu alituambia. Neno kwa neno, bila kuulizwa, bila kutaka chochote. Nikikumbuka jinsi tulivyomjibu natamani kujichapa.

Mchekeshaji wetu alimwambia, "Mama, sisi tunashuka shimoni futi mia na zaidi. Hayo ya kukatika tumeyazoea."

"Shimoni kuna maji?"

"Yakiwepo tunayavuta na pampu."

"Haya," akasema yule mama, akageuza samaki wake. "Na hili kaleteni pampu mlivute."

Tulicheka wote, naye akacheka. Lakini kule kwa kina mama hatukwenda. Wanaume wazima twende tukavue mashati mbele ya wanawake wanaofua, wametandaza kanga zao mchangani kote? Kwetu hiyo ni aibu, mtu mzima hasogelei wanakooga wala wanakofulia wanawake. Hatukujua kwamba kule ziwani mahali wanapofulia kina mama ndipo mgeni anapotakiwa kwenda kwanza, kwa sababu mama hapeleki watoto wake mahali pabaya. Sisi adabu yetu ilitupeleka kwenye mawe.

Na mimi ndiye nilisema, "Mdogo wangu, njoo nikufunge."

Nilijiona mwenye akili kuliko wote pale. Nilimfunga kamba kiunoni, fundo letu lilelile la duara, nikalivuta kulijaribu. Alisimama ananicheka, amenyanyua mikono juu kama mtoto anayevishwa shati. "Ukichoka?" nikamuuliza. "Navuta tatu," akajibu. Basi. Asingekuwa na kamba asingetoka kwenye yale mawe ya kwanza, maana alikuwa mwoga wa kitu asichokijua, tangu mdogo alikuwa hivyo. Alikwenda mbali kwa sababu nilimshika.

Nilikaa juu ya jiwe. Jua lilikuwa linapiga maji na kunirudia machoni, ikanilazimu nigeuke. Nikalipa ziwa mgongo. Kamba nimeizungusha mkono wa kushoto, mkono wa kulia samaki, sahani mapajani. Ndivyo nilivyokaa miaka minane kwenye mdomo wa duara. Mchekeshaji alikuwa hatua chache pembeni yangu, anampigia mtu simu, anajisifu kwamba yuko baharini.

Kamba ikavutwa. Nikageuka, nikamwona mdogo wangu maji yamemfika kifuani, anacheka, ananipungia. Ikavutwa tena, nikageuka, anacheka. Nilielewa kwamba ni mawimbi. Yalikuwa yanaivuta kamba na kuiachia, yanaivuta na kuiachia, wakati mwingine mara moja, wakati mwingine mbili. Kule duarani hakuna kitu kingine kinachoweza kuvuta kamba zaidi ya mtu. Hapa kila kitu kilikuwa kinaivuta. Mara ya kumi, mtu unageuka kweli? Mimi sikugeuka. Na nilijiambia kwamba hapa hakuna karasha, hakuna kelele, akiwa na shida atapiga ukelele nitamsikia.

Halafu ikavutwa mara tatu, za harakaharaka.

Naandika polepole ili nisijidanganye tena. Nilizisikia. Mkono wangu wa kushoto ulishtuka wenyewe, ukataka kuvuta, nikauzuia. Nikasema moyoni, mawimbi hayo. Nikaendelea kunyonya kichwa cha samaki.

Ningegeuza shingo tu! Shingo jamani, si mwili mzima! Hata leo nikiwa njiani peke yangu huwa nageuza shingo ghafla, watu wanaonipita wanadhani nimeitwa.

Aliyeniamsha ni yule mama wa samaki. Alikuwa kwenye karai lake, na moshi machoni, lakini alikuwa anatuangalia muda wote ule kwa sababu alishatujua ni watu gani. Alipiga kelele, "Mwenzenu yuko wapi?"

Niligeuka nikaona maji. Maji tu, na kamba imeingia humo.

Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, mkono juu ya mkono, kama ninavyomtoa mtu duarani, na kamba ikakataa. Ilikuwa imenasa chini, kati ya mawe. Kwa mbali mvuvi mmoja alikuwa anakuja na mtumbwi, anapiga kasia huku anapaza sauti, "Acha kuvuta! Wee, acha, unamlaza chini!" Sikumwelewa. Kwangu mimi kuokoa mtu ni kuvuta. Nikazidi kuvuta. Mchekeshaji akatupa simu, akataka kujirusha majini na viatu vyake, yule mama akamshika shati kwa nyuma mpaka vifungo vikaruka. "Na wewe tukuzike wapi?" akamwambia. "Unajua kuogelea wewe?" Hakuwa anajua. Yule mwanamke ndiye sababu nilirudi na mwenzangu mmoja.

Mvuvi alizama na kisu, akaikata kamba. Walimtoa, wakamlaza juu ya mchanga, wakambana kifua, wakampulizia pumzi mdomoni, wakapokezana watu watatu. Walimhangaikia mdogo wangu kama vile ni wao, na hawakuwa wanamjua hata jina. Mimi nilikaa pembeni na kipande changu cha kamba. Baadaye mmoja wao alichukua kanga ya mtu akamfunika.

Yule mvuvi alikaa nami mpaka gari la polisi likaja. Hakunilaumu. Nilimuuliza mbona hakupiga kelele, akanieleza kwa upole kwamba anayezama hapigi kelele. Pumzi yote inatafuta hewa, ya kupigia kelele haipo. Mikono inasukuma maji chini, kichwa kinaingia na kutoka, na ukimwona kwa mbali unadhani anacheza. Mchekeshaji aliposikia hivyo alikaa chini. Alikuwa amemwona. Aligeuka akiwa kwenye simu, akamwona mdogo wangu kichwa kinaingia na kutoka, akamwambia mtu wa kwenye simu, "Jamaa yetu hapa anacheza na maji kama bata." Tangu siku ile hajatania tena, wala sijasikia kwamba amecheka.

Tulimrudisha nyumbani, tukamzika pembeni ya zizi, alipozikwa baba. Watu walikuja wengi, na kila mtu alikuwa na maswali yake. Je, kulikuwa na upepo? Je, si mamba? Je, hakuna mtu aliyekuwa na chuki naye kule kambini? Kwetu kifo cha kijana lazima kitafutiwe mtu. Mimi nilikuwa namjua huyo mtu, nikakaa kimya.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga imemfunika kichwa, kina mama wamemzunguka. Akaniita. Nikaenda nikapiga magoti. Hakuuliza upepo wala mamba.

"Ulikuwa umeishika kamba?"

"Ndiyo, mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu.

"Alivuta?"

Wote mliowahi kumdanganya mzazi mnajua jinsi ulimi unavyokuwa mwepesi. "Hapana, mayu," nikasema. "Hakuvuta."

Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema, akajifunika uso.

Duarani sikurudi. Nilijaribu siku moja, nikapewa kamba ya kumshikilia mtu mwingine, mikono ikatoka jasho mpaka ikateleza, nikamwomba mwenzangu anipokee. Nikafungua duka dogo palepale Mwakitolyo, nauza sururu, koleo, tochi za kichwani, mabuti. Kamba zipo pia, lakini anayezipima na kuzikata ni mke wangu. Mimi sizigusi. Wateja wanadhani ni mgawanyo wetu wa kazi.

Kwa mama nilikuwa nakwenda kila mwezi. Nilimwekea bati jipya jikoni, nikamjengea banda la kuku, nikamchimbia choo. Nilikuwa nafika na nyundo na kuondoka na nyundo. Alipopika sikukaa kula, nilisema nina mteja ananisubiri, nawahi. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alikaa pale mwaka mmoja, kisha akarudi kwao na mtoto. Sikumlaumu. Mama akabaki peke yake na kuku.

Desemba iliyopita vijana wanne wa duara la jirani walikuja dukani. Walikuwa wamevaa vizuri, wana mabegi, wana furaha. Mke wangu alikuwa sokoni.

"Shikamoo, Baba Mapacha. Tunataka kamba ya mita ishirini, ile ngumu."

"Ya duara?"

"Hapana, tunakwenda ziwani sikukuu hii. Tumesikia ya mdogo wako, ndiyo maana tunataka iliyo imara."

Nikasema, "Kamba ya mdogo wangu haikukatika."

"Tunajua," akasema mmoja, kijana mzuri tu, mwenye heshima. "Yeye hakuvuta. Watu wote wanasema alisahau kuvuta. Sisi tumeshakubaliana, kila atakayeingia, akichoka tu avute tatu."

Sijui niliwezaje kuruka ile meza ya duka. Nilijikuta nimemkaba yule kijana shati, nampigia kelele usoni, mate yananitoka. "Nani alisahau? Nani? Mdogo wangu alisahau kuvuta kamba? Mtu aliyekaa chini miaka minane?" Wenzake wakanishika. Majirani wakatoka vibandani. Na mimi nikaendelea kupiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Alivuta! Alivuta mara tatu! Nilizisikia nikala samaki!"

Yule kijana alikuwa ananitazama bila hasira, ananionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilikaa chini kwenye mavumbi mbele ya duka langu. Miaka miwili nilikuwa nimejificha nyuma ya marehemu. Nilimfanya mjinga ili mimi nisiwe mzembe, na sasa watoto wa watu wanne walikuwa wanabeba ule uongo wangu kwenda nao majini.

Niliwaeleza yote, mmoja wao amechuchumaa pembeni yangu. Niliwaambia kamba ziwani inadanganya, mawimbi yanaivuta mchana kutwa. Mtu aliye majini anaangaliwa kwa macho, na anayemwangalia hali, hapigi simu, hageuki hata akitukanwa. Niliwaambia wasingoje kelele. Waulize wenyeji wanaoga wapi na saa ngapi, na wakiambiwa ni kule wanakofulia kina mama, basi waombe ruhusa waende, aibu haiui. Wabebe dumu tupu lililofungwa kamba, mwenzao akilemewa wamrushie alikumbatie, wasimfuate. Wakinywa bia wakae nchi kavu. Na mtu akizungumza kuhusu lambo la kwao wamnyamazishe, ziwani hakuna kuchoka ukasimama. Walisikiliza. Mmoja aliandika kwenye simu yake. Kamba hawakununua, walinunua madumu mawili kwa jirani, na walirudi wote wanne, nimewaona kwa macho yangu.

Nilifunga duka palepale. Habari za huku hupanda pikipiki kabla ya mtu, na sikutaka mama azipate kwa mdomo mwingine. Nikachukua bodaboda mpaka njia kuu, nikadandia gari, njia nzima nafanya mazoezi ya maneno. Nilipofika sikuwa na hata moja.

Nilimkuta uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Leo huna nyundo?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye makapi. "Mayu, alivuta."

Ungo ukasimama. Hakuniuliza nani, wala nini.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukazisikia?"

"Nilizisikia. Nilidhani ni mawimbi. Nilikuwa nakula, mayu, nimempa mgongo."

Nilisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Haki ya Mungu, nilikuwa naitaka. Mama akiniondolea radhi, nilifikiri, angalau kitu kitakuwa kimelipizwa. Aliweka ungo chini kwa uangalifu, mtama usimwagike.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Aniambie nani? Nilimzaa mimi. Huyu mtoto akijikwaa kidole alikuwa anakuita wewe kabla hajaniita mimi. Angekufa bila kukuita?"

"Mbona hukusema, mayu?"

"Niseme mimi?" Ndipo hasira ikamtoka, na sauti yake nilikuwa sijaisikia hivyo tangu utoto. "Niseme mimi, wewe una mdomo? Majirani walinililia siku tatu wakarudi mashambani kwao. Mkewe amekwenda kwao na mjukuu wangu. Mtu wa kumlilia naye nilibakiwa na wewe tu hapa duniani, na wewe ukija unapiga misumari! Banda, choo, bati, banda! Nilikuomba bati mimi? Miaka miwili namlilia mwanangu peke yangu kama mwanamke asiye na mtu, na kaka yake yuko hapo juu ya paa!"

Nilisema, "Nisamehe, mayu," akasema, "Hayo baadaye. Kaa." Nikakaa. Akanivuta kichwa, mimi mtu mwenye mvi, akakilaza mapajani mwake, akaanza kumlilia mdogo wangu kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, akimwita majina yake yote ya utotoni, kana kwamba maiti imeingia uani sasa hivi. Na mimi nikalia naye. Kuku wakauvamia ungo, wakala mtama mpaka wakamaliza, na hakuna aliyewafukuza.